Mganga Hajigangi: Maisha ya Daktari Livingstone

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotugawia kazi za mwaka huu, mimi nilipewa ukurasa wa mtu mashuhuri wa kale. Wenzangu walidhani nitamchagua shujaa wa vita au malenga fulani. Nimemchagua David Livingstone, wala si kwa ajili ya zile safari tunazokariri darasani. Nimemchagua kwa sababu ya vidonge vya mdogo wangu.

Hebu nianze na hilo, kisha tumfikie bwana mkubwa.

Likizo ya Agosti mwaka jana mama alikwenda matangani kwa watu wake upande wa Lunga Lunga. Nyumbani tulibaki mimi, bibi na mdogo wangu wa miaka sita. Siku ya pili mtoto alipata homa. Nilimpeleka zahanati, akapimwa damu, ikaonekana ni malaria. Tukapewa vidonge vya AL. Muuguzi alinieleza vizuri kabisa: viwili sasa, viwili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu zitimie, ampe chakula kwanza, na akitapika kabla ya nusu saa, arudishiwe kipimo kile kile. Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa barabarani, kwa marafiki zangu waliokuwa wakinisubiri.

Basi nyumbani nilimpa dawa tumbo likiwa tupu. Hazikupita dakika kumi akatapika yote mkekani. Nilipangusa, nikanyamaza. Nilijua bibi akisikia atauliza kama mtoto alikula, na mimi sikumlisha. Usiku ikawa vile vile, na asubuhi vile vile. Bibi akiuliza, namwonyesha karatasi ya vidonge iliyotobolewa, naye anamshukuru Mungu. Adhuhuri ya siku hiyo mtoto akashikwa na degedege. Bibi alimfunga kwa leso, tukapakiwa kwenye bodaboda, mbio hospitali.

Pale swali la kwanza lilikuwa moja tu: dawa ilikaa tumboni au alitapika? Bibi akajibu kwa uhakika kwamba mtoto amemeza zote, maana karatasi ameiona kwa macho yake. Nilitazama chini. Kisha nililia, nikasema kweli. Mtoto alidungwa sindano ya atesuneti mara ile, akadungwa tena baada ya saa 12, na tena siku ya pili. Siku ya tatu akaomba mahamri. Ndipo na mimi nikapumua.

Shule zilipofunguliwa nilikuta maktabani kitabu cha maisha ya Livingstone. Nilikifungua kwa kupoteza wakati tu. Nilipofika mwaka 1862 nililazimika kukifunga, nikatoka nje. Sasa twende pamoja, utaona kwa nini.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti. Wazazi wake walikuwa watu wa chini, familia nzima ikilala chumba kimoja. Alipotimiza miaka 10 aliingizwa katika kiwanda cha pamba, kazi yake kuunga nyuzi zilizokatika. Aliingia saa 12 asubuhi, akatoka saa 2 usiku. Hapo ndipo alipokwenda darasani! Hata kiwandani aliegemeza kitabu kwenye mashine, akisoma sentensi moja kila anapopita. Sisi tunaolalamika kwamba prepu ni ndefu tuone haya kidogo.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari Glasgow, na mwaka 1840 akapata cheti. Alitamani kwenda China kuhubiri na kuganga, lakini kule kulikuwa na vita vya kasumba. Badala yake akapanda meli kuja Afrika Kusini, akafika 1841. Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa ule haukuunga sawasawa maisha yake yote. Uweke akilini, tutaurudia. Mwaka uliofuata alimwoa Mary, binti wa mmishonari Robert Moffat.

Adui yake mkubwa hakuwa simba. Alikuwa homa. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka 1897. Wazungu waliofika Afrika walikufa kama kuku wa kideri. Walichokuwa nacho ni kwinini, dawa itokayo katika gamba la mti wa milima ya Amerika Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikuwa wamefaulu kuitenga dawa yenyewe na gamba, hivyo ikawezekana kuipima kwa mizani. Uchungu wake si mchezo. Muarobaini wa bibi ni sharubati mbele yake.

Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe. Alichanganya kwinini na mizizi miwili ya kuharisha, jalapi na rubabu, akaongeza kalomeli ambayo ndani yake mna zebaki, kisha akakanda kwa maji makali ya iliki. Watu wake wa msafara waliviita kwa jina lenye maana ya viamsho, kwa kuwa vilimwinua hata aliyekwisha kulala chali. Baada ya tumbo kusafika alizidi kumpa mgonjwa kwinini mpaka masikio yaanze kuvuma na kuziba. Hapo alijua dawa imefika.

Msomaji, hapa nisimame kidogo, maana ndipo penye elimu. Yule muuguzi wa wodini, alipoona sibanduki kitandani kwa mdogo wangu, alinieleza safari ya dawa mwilini, na nikaelewa kuliko nilivyowahi kuelewa darasani. Kidonge kikimezwa huteremka tumboni, kikamumunyuka. Tumbo si mwisho wa safari, ni kituo tu. Dawa nyingi huingia mwilini kupitia kuta za utumbo mwembamba. Kutoka huko damu huipeleka kwanza kwenye ini, nalo ini ni kama kizuizi cha polisi barabarani: hukagua kila kipitacho, vingine likavivunja hapo hapo. Kinachosalia huingia katika mzunguko wa damu, kikafika walipo vijidudu vya malaria, ndani ya chembe nyekundu. Kisha kila damu inapopita tena kwenye ini, dawa huendelea kuvunjwa, na figo huchuja mabaki yakatoka kwa mkojo.

Kwa hiyo dawa ina kuingia, kusambaa, kuvunjwa na kutoka. Chukua kwinini. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila saa 11 hivi nusu ya iliyomo damuni huwa imeondoka. Sehemu kubwa huvunjwa na ini, na kama moja kwa tano hutoka kwa mkojo ilivyo. Ndiyo sababu hainywewi mara moja ikatosha, bali hurudiwa kila baada ya saa 8. Ikipungua damuni, vijidudu huinuka tena. Ikizidi, humdhuru mgonjwa. Livingstone hakuwa na maabara ya kupima dawa ndani ya damu. Masikio ya mgonjwa ndiyo yalikuwa kipimo chake, na hata leo madaktari wanajua kwamba kuvuma kwa masikio ni dalili ya kwinini kujaa damuni. Lakini ile kalomeli hatuisifu. Zebaki ni sumu, haitoki mwilini upesi, na figo huumia nayo. Siku hizi haitumiki tena.

Kwa vidonge hivyo alivuka bara. Alitoka Linyanti mwishoni mwa 1853, akafika Luanda pwani ya magharibi mwezi wa Mei 1854, homa imemkausha kama ng'onda. Akageuka, akarudi mashariki. Novemba 1855 aliona maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya tangu hapo. Yeye akayapa jina la malkia wake. Mei 1856 akatokea Quelimane, kwenye Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu. Alipofika Uingereza alipokewa kama mfalme.

Mwaka 1858 alirudi na msafara mkubwa wa serikali kwenda mto Zambezi. Daktari John Kirk alikuwamo, huyo ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja. Kila siku walikunywa kwinini kidogo ndani ya mvinyo ili kujikinga, na bado homa iliwapata. Livingstone akakata tamaa na kinga hiyo. Nikiipima kwa maneno ya yule muuguzi, naona kipimo kilikuwa kidogo mno kwa dawa inayotoka mwilini haraka namna ile.

Sasa fika mwaka 1862, mwaka ulionitoa maktabani. Mwezi wa Januari Askofu Mackenzie, aliyekuwa misheni ya jirani, alisafiri kwa mtumbwi. Mtumbwi ukazama, dawa zake zote zikaenda na maji. Alipatwa na homa asiwe na hata chembe ya kwinini, akafa tarehe 31 ya mwezi huo. Huyo alikosa dawa.

Wakati huo huo Bi Mary Livingstone alikuwa amewasili kuungana na mumewe baada ya kutengana miaka. Hawakukaa pamoja hata miezi mitatu. Mwezi wa Aprili, pale Shupanga kando ya Zambezi, homa ilimshika. Yeye dawa ilikuwapo. Kwinini ilikuwa tele, na waliomtibu walikuwa waume wawili wanaoijua kuliko karibu kila daktari wa zama zao, Livingstone na Kirk. Lakini Mary alitapika bila kukoma. Kila alichopewa kilirudi. Mume alikaa kando ya kitanda, dawa mkononi, asiweze kuipitisha. Sindano ya kutia dawa chini ya ngozi ilikuwa jambo jipya la Ulaya, haikuwa desturi ya kutibia homa huku. Tarehe 27 Aprili 1862, jioni, Mary akafa. Akazikwa chini ya mbuyu.

Niliposoma hayo niliona mkeka wetu. Niliona ile karatasi iliyotobolewa. Bi Mary alikufa kwa kuwa dawa haikukubali kukaa na njia nyingine haikuwapo. Mdogo wangu njia nyingine ilikuwapo, umbali wa bodaboda tu, ila mimi niliifunga kwa ulimi wangu. Dawa iliyotapikwa haikuingia damuni, hata kama karatasi iko tupu. Ini halikuiona, vijidudu havikuiona. Ni mimi peke yangu niliyeiona, juu ya mkeka.

Livingstone hakupona msiba ule, ila hakuacha safari. Mwezi wa Januari 1866 alifika Unguja, akapokewa na Sultani Majid, na Machi akaondoka kuelekea mto Ruvuma kutafuta chanzo cha mto Nile. Kati ya watu wake walikuwamo Chuma, kijana wa Kiyao aliyewahi kuokolewa utumwani, na Susi wa Shupanga. Tarehe 20 Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mizigo, na katika mizigo hiyo limo sanduku la dawa. Walichukua lote. Daktari aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo, akamkumbuka Askofu Mackenzie. Alijua hesabu. Mtu wa homa bila kwinini, msituni, ni kusubiri tu.

Hata hivyo alikwenda, ugonjwa juu ya ugonjwa: homa, kuhara damu, vidonda vya miguu, mapafu. Aliona ziwa Mweru mwaka 1867 na Bangweulu mwaka 1868. Alipofika Ujiji mwaka 1869, vitu alivyotumiwa kutoka pwani vilikuwa vimeibwa karibu vyote. Mara nyingi alisalimika kwa hisani ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, watu wale wale ambao biashara yao ya utumwa aliilaani. Mwezi wa Julai 1871 aliona kwa macho yake mauaji ya sokoni Nyangwe, mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na wengine kuzama mtoni. Habari zake zilipofika Uingereza zilichochea hasira dhidi ya soko la watumwa la Unguja, likafungwa mwaka 1873.

Mwishoni mwa 1871 Stanley alimkuta Ujiji, akiwa mifupa na ngozi. Alimletea chakula na dawa, akapata nguvu. Stanley alimsihi warudi pamoja, akakataa. Waliachana karibu na Tabora, Machi 1872, na mwezi wa Agosti mzee akashika tena njia ya Bangweulu, katika masika na matope.

Hapa ndipo ile methali, mganga hajigangi, inapomfaa. Sanduku la dawa safari hii lilikuwapo. Mwili ndio haukuwapo tena. Alivuja damu miezi mingi kwa njia ya haja, na tumbo linaloharisha halinyonyi sawasawa chakula wala dawa. Wenzake walimbeba kwa machela mpaka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Usiku wa mwisho alimwita Susi, akamwomba sanduku la dawa na mshumaa. Macho yalikuwa hayaoni tena vizuri. Kwa shida alitafuta chupa ya kalomeli, akaiweka kando, akaomba maji na kikombe, kisha akamruhusu Susi aende. Kabla ya alfajiri, tarehe 1 Mei 1873, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki.

Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Mmoja wao, Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alipasua maiti. Ndani waliona pande la damu iliyoganda tumboni. Moyo wakauzika pale chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga, wakaubeba miezi kwa miezi mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Kule London watu walitilia shaka kama ni yeye. Ndipo ulipoangaliwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba, shaka ikaisha. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi baadaye waliitwa Uingereza, wakasaidia kueleza safari za mwisho ili kitabu chake kipate kutoka. Kama si wao, tusingeijua habari ya mshumaa na chupa.

Mpenzi msomaji, sikuandika haya ili tumwabudu Livingstone. Alikuwa na makosa yake. Safari zake pia ziliwafungulia njia waliokuja kututawala. Ila alikuwa mtu aliyetazama mwili kwa makini na kuandika alichokiona, hata kilipomshinda. Kifo cha mkewe alikieleza wazi katika kitabu, akakiri kwamba dawa inayorudishwa na mwili haina faida. Mimi sikuwa na ujasiri huo hata mbele ya bibi yangu.

Leo tuna dawa bora kuliko kwinini. Katika AL mna dawa mbili: moja huua vijidudu upesi na kutoka mwilini kwa saa chache, ya pili hukaa siku kadhaa ikifagia waliosalia. Ndiyo maana usiache vidonge siku ya pili kwa kuwa umepata nafuu, wala usimwekee jirani akiba. Huingia damuni vizuri zaidi ikifuatana na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au wali wetu wa nazi. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa, mrudishie kipimo. Akitapika tena na tena, akilegea au akishikwa na degedege, mkimbize hospitali, dawa ipite kwa sindano. Na ukiulizwa, sema kweli. Muuguzi hawezi kuona ndani ya damu. Anategemea ulimi wako, kama Livingstone alivyotegemea masikio ya wagonjwa wake.

Mdogo wangu yuko darasa la pili sasa. Siku hizi akiumwa, hataki mtu mwingine ampe dawa ila mimi. Kila mara hunikumbusha kwanza kwamba hajala, nami nakwenda jikoni kumpakulia.